Mguu Ukiuma Kila Hatua: Je, Kuunganisha Mifupa ni Dawa?

Katika kata ya Nambambo, wilayani Nachingwea, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Nachingwea na Ruangwa, mguu ni chombo cha kwanza cha mama. Ndio unaompeleka shambani kwenye mikorosho na ufuta, kisimani na ndoo, kliniki akiwa na mtoto mgongoni, na kanisani siku ya Jumapili. Mguu huo ukianza kuuma, nyumba nzima huyumba.

Hata hivyo, akina mama wengi huuficha ugonjwa wa mguu kwa miaka. Huufunga kitambaa, huupaka dawa ya kuchua, hunywa vidonge vya maumivu, kisha hushika jembe. Wengine huambiwa kwamba ni uzee, au kwamba wamekanyaga kitu kibaya. Siku wanapofika kwa daktari wa mifupa na kusikia maneno, "Mama, tutakiunganisha kiungo chako kisitembee tena," hushtuka na kurudi nyumbani. Hujiuliza: Mguu usiokunjika utanifaa nini?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kweli. Makala hii inaeleza operesheni hiyo ni nini, huleta matokeo gani kwa mtu mzima, na kwa nini mafanikio yake hutegemea nyumba ya mgonjwa karibu sawa na mikono ya daktari.

Maumivu hutoka wapi?

Mguu kuanzia kifundo hadi vidoleni una mifupa 26. Mahali mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimevikwa gegedu, kitu laini na cheupe kama kile tunachokiona kwenye goti la kuku. Gegedu ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Likilika, mfupa husaga mfupa, na kila hatua huwa mateso.

Gegedu huharibika kwa njia nyingi. Kuna aliyevunjika kifundo kwa kuanguka juu ya mwembe au kwenye pikipiki, mfupa ukaunga ukiwa umekaa upande. Kuna mwenye baridi yabisi, inayokula viungo kutoka ndani. Kuna aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliogeukia ndani, asitibiwe utotoni, akakua akikanyagia ubavu wa mguu. Kuna aliyepata polio akiwa mtoto. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio, lakini watu wazima waliopoozwa zamani bado tunaishi nao. Wapo pia watu ambao upinde wa wayo umeporomoka ukubwani, kisigino kikalala upande. Mwisho, wapo ambao kisukari au ukoma umeua hisia za miguu, wakatembea juu ya mifupa iliyovunjika bila kujua.

Si kila mguu unaouma hupasuliwa

Daktari mwema haanzi na kisu. Huanza na viatu. Kiatu chenye soli ngumu iliyoinuka mbele humsaidia mtu kusonga bila kukunja kiungo kibovu. Soli ya ndani iliyochongwa kufuata wayo huushikilia upinde ulioporomoka. Fimbo, ikishikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima, huupunguzia mguu mgonjwa mzigo. Kupunguza uzito wa mwili nako ni dawa, na vilevile dawa za baridi yabisi zikitumiwa kwa utaratibu.

Hayo yote yakishindwa, na maumivu yakawa yanamwamsha mgonjwa usiku au kumzuia kwenda hata kwa jirani, ndipo habari ya operesheni huja.

Kiungo huunganishwaje?

Kwanza mgonjwa huchomwa ganzi au hulazwa usingizi. Kisha daktari hufungua kiungo na kukwangua gegedu lote lililobaki, mpaka mfupa hai wenye damu uonekane pande zote mbili. Huinyosha mifupa mahali panapofaa, wayo ukanyage chini sawasawa, halafu huikaza pamoja kwa skrubu au vyuma. Pengine huchota vipande vya mfupa kutoka nyongani na kujaza penye nafasi.

Baada ya hapo kazi huwa ya mwili wenyewe. Mwili huona kama kwamba mfupa umevunjika, nao huanza kuuponya. Wiki hadi wiki mifupa miwili huungana kuwa mmoja. Palipokuwa na msuguano hapana tena msuguano, na maumivu yaliyotokana nao hukoma.

Basi, mama msomaji, huo ndio ukweli wa operesheni hii: unatoa mwendo wa kiungo ili upate nafuu ya maumivu. Aghalabu kiungo chenyewe kilikwisha kukakamaa zamani, na mwendo uliobaki ni ule mdogo unaouma.

Matokeo yake ni yapi?

Matokeo hutofautiana kwa kiungo kilichounganishwa.

*Kidole gumba.* Kidole gumba kilichopinda sana au kilichokakamaa huunganishwa kwenye shina lake. Hii ndiyo yenye matokeo mazuri zaidi. Kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 mifupa huungana vizuri, na wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu. Kinachopotea ni viatu vya visigino virefu.

*Viungo vitatu vya nyuma ya wayo.* Hivi viko chini ya kifundo. Huunganishwa vyote kwa pamoja kwa mtu ambaye wayo wake umepinda kwa sababu ya polio, mguu kifundo au upinde ulioporomoka. Mgonjwa hubaki na uwezo wa kuinua na kushusha wayo, kwa kuwa kifundo hakikuguswa. Hupoteza ule uwezo wa kuulaza wayo upande huu na huu. Mahali tambarare hutembea vizuri. Kwenye matuta, mawe na njia ya mteremko hana budi kwenda taratibu.

Madaktari wa Iowa, Marekani, walitoa taarifa mwaka 1999 juu ya watu 57 waliofanyiwa operesheni hiyo, wengi wao wakiwa vijana. Waliwapima baada ya miaka 25 kwa wastani, wakawapima tena baada ya miaka 44. Watu 54 kati ya hao 57 walisema wameridhika nayo. Wakati huohuo picha za eksirei zilionyesha kwamba kifundo kilicho juu ya mifupa iliyounganishwa kilikuwa kimechakaa, na wengi walikuwa na maumivu kiasi. Hawakupewa mguu mpya. Walipewa mguu uliowabeba miaka arobaini na zaidi.

*Kifundo chenyewe.* Kwa watu wapatao 9 kati ya 10 mifupa huungana. Maumivu hupungua sana, na mtu aliyekuwa akitembea kwa gongo aghalabu huliacha. Ukimwona amevaa viatu vyema huenda usitambue haraka kwamba kifundo chake hakikunjiki. Akiwa pekupeku, kuchechemea huonekana zaidi.

Lakini yako mambo ambayo mama wa kwetu anapaswa kuyajua kabla. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kutakuwa kugumu; itafaa kutengenezewa kiti cha mbao chenye tundu. Kuchuchumaa mbele ya mafiga kutakuwa kugumu pia. Itafaa kukaa juu ya kigoda, au meko yainuliwe. Kupiga magoti kanisani kunawezekana kwa wengi, ila kuinuka kutahitaji kushika benchi. Mungu husikia hata sala ya aliyeketi.

Taarifa nyingine ya Iowa, ya mwaka 2001, iliwafuata watu 23 walioungwa kifundo baada ya kuumia. Kwa wastani ilikuwa imepita miaka 22. Wengi wao walikutwa na uchakavu kwenye viungo vingine vya mguu uleule, ingawa goti halikuwa limeathirika zaidi ya lile la upande wa pili. Sababu inaeleweka: kiungo kimoja kikistaafu, majirani zake hubeba kazi yake.

Siku hizi katika nchi tajiri kipo pia kifundo bandia, cha chuma na plastiki. Huko Uingereza watu 303 wenye umri wa miaka 50 hadi 85 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapate kifundo bandia, wengine waungwe. Taarifa iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Hivyo asije mtu akakwambia kwamba kuungwa kifundo ni tiba ya maskini. Kwa mtu mwenye umri mdogo na kazi nzito ya jembe, mabingwa wengi bado huichagua.

Mambo yanayoweza kuharibu

Hatari kubwa ni mifupa kukataa kuungana. Ikitokea hivyo maumivu hurudi, skrubu zinaweza kukatika, na huenda operesheni ikarudiwa. Hatari nyingine ni kidonda kuingia vijidudu, damu kuganda ndani ya mshipa wa mguu, ganzi ya kudumu sehemu ya ngozi, au wayo kuungika ukiwa umekaa vibaya.

Adui mmojawapo anajulikana vizuri, naye ni tumbaku. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitoa taarifa juu ya nyayo 184 zilizounganishwa chini ya kifundo. Kwa wasiovuta sigara, 92 kati ya 100 ziliungana. Kwa wavutaji zilikuwa 73 tu. Wapo wanaodhani kwamba ugoro si kitu kwa kuwa hautoi moshi. La hasha! Ugoro una nikotini ileile inayopunguza damu mifupani. Anayeutumia amwambie daktari bila haya na auache mapema.

Mwenye kisukari naye ahakikishe sukari imetulia kabla ya kupasuliwa. Aliyepoteza hisia za miguu huhitaji uangalizi mkubwa zaidi, kwani hasikii maumivu yanayomwonya kwamba amekanyaga mapema mno. Na mama mwenye mimba angoje. Operesheni ya namna hii si ya dharura, na inaweza kusubiri mpaka ajifungue na kupata nguvu.

Miezi mitatu ya majaribu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huamua mengi. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji hufungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi wetu tunaiita hogo. Wiki mbili za kwanza mguu huwekwa juu, umeinuliwa kwa mito, ili usivimbe. Kwa kawaida muda wa wiki sita hivi haruhusiwi kabisa kuukanyagia. Hutembea kwa magongo mawili. Kisha, eksirei ikionyesha kwamba mifupa imeanza kushikana, huanza kukanyaga kidogo kidogo, akiwa bado na plasta au kiatu maalumu, mpaka wiki ya kumi na mbili au zaidi. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea karibu mwaka mzima.

Hebu tumtazame mama wa watoto wanne katika miezi hiyo mitatu. Nani atachota maji? Nani atatwanga na kupika? Nani atampeleka mdogo zahanati akipata homa? Si kwamba mama huyo hajui maagizo ya daktari. Anayajua. Lakini mtoto akilia na sufuria ikichemka, huinuka. Hukanyaga mara moja, kesho mara mbili. Mifupa iliyokuwa ikianza kushikana huachana. Baadaye husemwa kwamba operesheni haikufaa, kumbe hakupata mtu wa kumpokea mzigo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi hospitalini, kikao cha nyumbani ni cha lazima. Baba wa nyumba akae, watoto wakubwa wakae, dada au shemeji aitwe. Mkubaliane kwa majina: huyu atachota maji, huyu atapika, huyu atakaa na mama hospitalini. Nanyi akina baba, kama makala hii imewafikia mikononi, mjue kwamba kushika mwiko kwa miezi mitatu hakumpunguzii mwanamume heshima. Mke aliyepona mguu ni msaidizi wa miaka mingi. Mke aliyelazimishwa kukanyaga mapema huenda akarudi mezani kwa daktari, na gharama ikawa mara mbili.

Majira nayo yaangaliwe. Katika Nachingwea na Ruangwa hakuna miezi mingi ya kupumzika, lakini ipo nafasi baada ya ufuta kuvunwa na kuuzwa, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi. Atakayepasuliwa wakati huo hupata fedha kidogo mkononi na jua la kiangazi badala ya matope. Matope na magongo hayapatani. Hata hivyo asitazamie kuokota korosho kwa kuinama kutwa msimu uleule. Kubangua akiwa ameketi, hapo sawa.

Mefiboshethi na shamba lake

Biblia inatueleza habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4 na ya 9. Alikuwa na umri wa miaka mitano yaya wake alipokimbia naye kwa hofu ya vita. Mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Alikua mtu mzima akijiona si kitu. Mfalme Daudi alipomtafuta, alimpa nafasi ya kula mezani pake daima.

Wahubiri wengi husimulia habari ya meza, nasi twaipenda. Lakini lipo jambo jingine ambalo Daudi alilifanya. Alimwita Siba, pamoja na wanawe na watumishi wake, akawaagiza wamlimie Mefiboshethi shamba lake na kumletea mavuno. Daudi hakuishia kumhurumia mlemavu. Alipanga ni nani atakayeshika jembe.

Huo ndio mfano kwa vyama vyetu vya akina mama, iwe ni WAWATA, Umoja wa Akina Mama au jumuiya ndogo ndogo. Tumezoea kumtembelea mgonjwa, kuimba wimbo na kusali. Ni vema, tuendelee. Lakini mama mwenye hogo anahitaji pia zamu ya maji ya Jumatatu na ya Alhamisi, na watu wa kumpalilia robo ekari. Akina mama 12 wakigawana wiki 12, kila mmoja hubeba wiki moja tu. Mzigo wa wengi ni mwepesi.

Pa kuanzia, na maswali ya kuuliza

Mkoa wa Lindi una historia ndefu ya hospitali za misheni. Hapohapo wilayani Nachingwea, huko Mnero, alifanya kazi Dk. Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyefika kusini mwaka 1935, akaanzia Lulindi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Mgonjwa wa Nambambo leo anaweza kuanzia zahanati yake au Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea na kuomba rufaa: Sokoine mjini Lindi, au Ndanda upande wa Masasi. Daktari wa huko ndiye atakayesema kama panahitajika kwenda mbali zaidi, kwa mfano KCMC Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kabla ya safari, ulizeni kama bima mliyo nayo inalipia operesheni pamoja na vyuma vyake.

Ukimwona bingwa, usiogope kuuliza. Uende na mumeo au ndugu, mkaulize haya:

1. Ni kiungo gani hasa kinachouma, na kimethibitishwaje?
2. Je, viatu au dawa vimekwisha kujaribiwa vya kutosha?
3. Nitapoteza mwendo gani, na nitabaki na upi?
4. Nitakaa muda gani bila kukanyaga, na nirudi lini kwa eksirei?
5. Isipoungana, mtafanya nini?
6. Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na magongo na safari za kurudi?

Tuwaangalie watoto

Baadhi ya operesheni hizi za ukubwani zingeweza kuepukwa utotoni. Mtoto akizaliwa na mguu kifundo, asifichwe ndani wala asingojwe akue. Njia ya Dk. Ignacio Ponseti huunyosha wayo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida chini ya kumi, na mara nyingi mkato mdogo wa mshipa wa nyuma ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu usiku kwa miaka kadhaa. Hapa nchini, CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaotibu kwa njia hiyo. Ikianza wiki za mwanzo za maisha, watoto walio wengi hutembea vizuri bila operesheni kubwa. Hali kadhalika, aliyevunjika kifundo apelekwe hospitali kupigwa picha, si kufungwa vijiti na kuachwa.

Kwa wewe mama ambaye mguu umekwisha kuharibika, usikate tamaa, wala usidanganyike. Kuunganishwa mifupa hakutakurudishia mguu wa usichana wako. Kwa wengi huwarudishia usingizi wa usiku, safari ya kanisani, na siku ya kazi isiyohesabiwa kwa maumivu. Muulize daktari, piga magoti au keti uombe, kisha ita kikao cha nyumbani. Ukipata jibu la nani atakayechota maji, umekwisha kuanza kupona.